Bwati ya kamio: kazi iliyotoka kwenye garaji za kampuni ikafika kwenye tope

Kamio ikikwama kwenye tope la barabara ya Beni kwenda Kisangani, watu waliopanda juu ya mizigo husikia harufu kwanza, kama ya kitambaa kinachoungua. Shofa anajua mara moja: ambriyaji imekwisha. Tangu saa hiyo unga, mafuta, shitingi za wakimbizi wa ndani na abiria wenyewe, wote wanangojea kazi moja. Ni kushusha bwati ya vitesi, chuma cha kilo 200, 300 au zaidi, na kuirudisha mahali pake bila kumponda mtu.

Kazi hiyo haikuanzia kwenye tope. Mwaka wa 1916, wakati jeshi la Force Publique lilipokwenda kuteka Tabora, mizigo yake ilibebwa zaidi na wapagazi, kichwani na mgongoni. Kamio zilienea mashariki mwa Kongo baadaye, kwenye barabara ambazo wanavijiji walilazimishwa kuzichimba. Mwaka wa 1937 reli ya kampuni ya Vicicongo ilifika Mungbere na kuishia hapo. Mizigo ya kwenda Ituri na Kivu ilishushwa kwenye treni na kupakiwa kwenye kamio.

Kampuni kubwa za wakati huo zilitengeneza kamio zao ndani ya garaji. Kulikuwa na shimo la kuingilia chini ya gari, na palani ya mnyororo ya kunyanyulia vyuma. Vyeo vilishikwa na Wazungu, lakini mikono mingi iliyofungua buloni ilikuwa ya Wakongomani. Ndiyo sababu ujuzi ulibaki hata wakubwa walipoondoka.

Vifaa havikubaki. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa Wazairwa. Maduka, mashamba na kampuni za usafiri zilibadilisha mikono, na waliopewa wengi hawakuwa watu wa kazi hiyo. Vipuri vikakosekana. Ofisi ya Barabara ilikuwa imeundwa mwaka wa 1971, lakini nguvu zake zilipungua na mashimo yakazidi. Kisha zikaja vita vya 1996 na 1998. Kamio iliyoharibika katikati ya msitu haikuwa tena na wa kuivuta mpaka mjini. Ikabidi garaji iende kwenye kamio: magogo matatu, mnyororo, kriki moja na vijana wenye nguvu.

Tope lenyewe ndilo linalokula ambriyaji. Disiki yake inabanwa kati ya motere na bwati, na hapo ndipo nguvu ya motere inapita kwenda kwenye magurudumu. Shofa akikanyaga pedali nusu nusu ili kamio ijikwamue, disiki inateleza bila kushika, inapata moto na kuungua. Mzigo uliozidi unaharakisha mambo, na kwenye barabara hizi ni kamio gani haijazidisha? Disiki iko mbele ya bwati, upande wa motere. Huwezi kuigusa bila kuondoa bwati kwanza.

Makanika mwenye akili hafungui buloni hata moja kabla kamio haijasimama mahali tambarare na pagumu, magurudumu yakiwa yamezuiliwa kwa mbao au mawe mazito pande zote mbili. Breki peke yake haitoshi. Kama kamio imeinuliwa, inakaa juu ya magogo mapana, kwa sababu kriki inaweza kushuka wakati wowote. Anakata waya wa betri, anaondoa mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, kisha waya, mipira ya hewa na fimbo ya vitesi. Bwati inafungwa kwa mnyororo kwenye palani au inawekewa kitanda cha mbao kinachoishika vizuri. Kriki ndogo ya chupa chini ya bwati ya mviringo ni hatari kubwa: kichwa chake ni chembamba, na chuma kikigeuka kidogo kinaanguka.

Kuna ufundi mwingine usiohitaji pesa nyingi. Kabla ya kuvuta, buloni mbili za juu zinatolewa na kuwekwa nyingine mbili ndefu zilizokatwa vichwa. Bwati inateleza juu yake kwenda nyuma, imenyooka. Bila hizo, uzito wote unaning'inia kwenye mhimili mwembamba wa mbele, na wakati wa kurudisha disiki mpya inapinda kabla ya kufanya kazi hata siku moja. Mtu mmoja tu ndiye anayetoa amri. Hakuna kidole kinachoingia kati ya bwati na motere, hakuna anayelala chini ya chuma kinachoning'inia.

Na vumbi jeusi la ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa hewa. Kwa miaka mingi disiki zilitengenezwa kwa amianti, kitu kinachoharibu mapafu polepole. Ufaransa iliipiga marufuku mwaka wa 1997, lakini kwa macho tu huwezi kutambua disiki ya zamani imetengenezwa na nini. Kitambaa chenye maji kinatosha kufutia.

Shida ni nani anatumwa chini. Mara nyingi si makanika mwenyewe, ni mwanafunzi wa garaji, kijana mwembamba anayepita kwa urahisi. Siku hizi anaweza kuwa mtoto wa familia iliyokimbia, aliyeacha masomo na kutafuta kazi mjini. Hajui kwamba ana haki ya kukataa mpaka mnyororo ufungwe. Mwenye kamio naye anapiga simu kila saa kuuliza kama gari itaondoka leo, na makanika, aliyeahidi kuwa tayari jioni, anaangalia magogo na kusema yatashika.