Vali ya Kiwambo na Mchanga wa Witwatersrand: Historia ya Uteuzi Mmoja wa Kihandisi

Makala haya yanadai kwamba uteuzi wa vali za kupitishia tope lenye mchanga ni suala la umbo kabla ya kuwa suala la ugumu wa chuma. Migodi ya Afrika Kusini inatoa ushahidi.

Dhahabu ya Witwatersrand, iliyogunduliwa mwaka 1886, imo ndani ya mwamba wenye kwatsi nyingi. Mbinu ya sianidi ilipoanza kutumika huko mwaka 1890, mwamba ulisagwa ukawa unga na kuchanganywa na maji. Ugumu wa kwatsi ni 7 katika kipimo cha Mohs. Shaba na chuma cha kawaida havifiki hapo. Hata hivyo, udhaifu wa vali ya lango haukutokana na ulaini wa metali pekee. Chini ya lango upo mfuo ambamo bamba huzama linapofungwa, na mchanga hutulia humo. Bamba lisipofika chini, tope hupenya katika mwanya mwembamba kwa kasi kubwa na kuuchonga. Fundi anayekaza gurudumu kwa nguvu zaidi huharakisha uharibifu.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, mhandisi P. K. Saunders alibuni vali ya kiwambo katika mazingira hayo ya migodi. Ajabu ni kwamba hakuwa akipambana na mchanga, bali na uvujaji wa hewa iliyoshindiliwa. Kiwambo cha mpira hukandamizwa juu ya tuta lililo katikati ya vali, na hutenga sehemu zinazosogea na kinachopita. Mfuo haupo, punje ikinaswa, mpira huizunguka na kuziba. Tuta lenyewe hupigwa na mchanga, ndiyo maana kwa tope zito hupendelewa umbo lililonyooka, lenye bitana ya mpira. Mpira nao hushindwa na joto kali na vipande vikubwa vyenye ncha.

Katika kanda yetu, vali isiyofunga kwenye bomba la kuelekea bwawa la topesumu ni hatari kwa wanaokunywa maji ya mto ulio jirani. Waraka wa zabuni unaotaja kipenyo, shinikizo na bei tu haujasema lolote kuhusu kitakachopita ndani. Utaje ukubwa na ukali wa punje, uwiano wa yabisi, kasi, joto na kemikali. Utaje pia bei ya kiwambo cha akiba na muda wake wa kufika mgodini, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu iliyokusudiwa kuchakaa na kubadilishwa.