Madrigali na Wimbo wa Msafara Unyamwezini

Asafiriye kwa reli kutoka Tabora kwenda Kigoma hupita Usoke, katika nchi ya Wanyamwezi, upande ule ule ambako misafara ya kale ilielekea Ujiji. Madrigali haikuzaliwa huko. Hata hivyo, swali lililowagawanya watunzi wake ndilo lililowafika waimbaji wa Unyamwezi: katika wimbo, lipi ni bwana, neno au sauti?

Madrigali iliyositawi Italia katika karne ya 16 ni shairi fupi, aghalabu la mapenzi, lenye mistari ya silabi 7 na 11 iliyochanganywa kwa hiari ya mshairi. Mtunzi wa muziki huligawia sauti nne au tano, na kila mstari huupa muziki wake. Neno la kupanda hupandishwa. Neno la uchungu hutiwa sauti zisizopatana. Mwaka 1600 Artusi alimlaumu Monteverdi kwa kuvunja kanuni za upatanifu wa sauti. Mwaka 1607 nduguye Monteverdi alijibu kwamba maneno ndiyo yatawalayo, na muziki ni mtumishi wao.

Tugeukie sasa Unyamwezi. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, Wanyamwezi walikuwa mashuhuri kwa upagazi katika njia ya pwani. Mbele alitangulia kirangozi na bendera. Yeye hutoa maneno, msafara ukaitikia. Maneno yake yaliweza kugeuka kila siku: njaa, uchoyo wa tajiri, nyumbani kunakokaribia. Kiitikio hakikugeuka, maana ndicho kilichoshika mwendo wa miguu. Madrigali huimbwa na watu wachache, kila mmoja na sauti yake. Wimbo huu uliimbwa na umati wenye mizigo mabegani.

Lakini kirangozi naye hakuwa huru mbele ya neno. Katika Kinyamwezi, kupanda na kushuka kwa sauti hutofautisha maana. Wimbo ukipinga mwendo huo, msikilizaji huenda akasikia neno jingine, au asisikie neno lolote.

Mwaka 1898 Wamoravian walipokea kituo cha Urambo kutoka kwa misioni ya London, na baadaye Usoke nao ukawa na kituo chao. Walileta nyimbo za sauti nne, ambazo wimbo mmoja hutumika kwa beti zote. Hapo ndipo ilipo taabu: sauti ikilingana na maneno ya ubeti wa kwanza, haina ahadi ya kulingana na ya pili. Tena sauti ya juu ikipanda huku ya chini ikishuka, mojawapo italipinga neno. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, kazi ya kirangozi ilififia, na kwaya ikawa shule kubwa ya uimbaji.

Sisemi kwaya iachwe. Imekwisha kuwa mali ya wenyeji. Nasema mtunzi aanze kwa kulisema shairi lake kwa sauti, asikilize linapopanda na linaposhuka, ndipo autunge wimbo, ubeti kwa ubeti, na kiitikio akiache kilivyo. Akifanya hivyo atakuwa amefuata kanuni ya Monteverdi. Na mzee aliyepata kuwasikia wapagazi asingeiona kuwa ngeni.