Moteli Iliyookoka Kando ya Bahari

Wengi wetu tunafikiri ya kuwa nyumba ya kihistoria ni lazima iwe ngome, jumba la mfalme ao kanisa la zamani sana. Basi, leo tuangalie nyumba ya mwaka 1957, iliyojengwa kwa ajili ya watu wa kawaida.

Jina lake ni Caribbean Motel. Iko Wildwood Crest, mji wa mapumziko kando ya bahari, katika jimbo la New Jersey, inchi ya Marekani. Moteli ni nyumba ya wageni wenye motokari: msafiri huacha gari lake karibu na mlango wa chumba, wala hapiti katika ukumbi wa fahari.

Baada ya vita vya pili vya dunia, wafanyakazi wengi wa Marekani walipata motokari na siku za mapumziko. Katika miaka ya 1950 barabara mpya, Garden State Parkway, ikawafikisha pwani upesi. Wenye moteli wakashindana kuwavuta kwa rangi kali na taa za neoni. Lou Morey, aliyeichora Caribbean, aliipa bwawa la kuogelea lenye umbo la mwezi mwandamo, na njia ya mteremko inayopinda kana kwamba inaelea hewani. Ikapambwa pia kwa minazi ya plastiki, maana baridi ya kule huua minazi ya kweli. Hivi mtu asiyeweza kulipa safari ya visiwa vya mbali aliionja kidogo.

Baada ya mwaka 2000 bei ya viwanja ilipanda, na moteli nyingi za Wildwood zikabomolewa ili zijengwe nyumba za kuuzwa. Mwaka 2005 Caribbean iliandikwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria. Lakini tuelewe vema: orodha hiyo peke yake haimkatazi mwenye nyumba kuibomoa kwa feza yake mwenyewe. Caribbean iliokoka kwa kuwa wenyewe walichagua kuitengeneza na kuendelea kupokea wageni.

Majumba ya wakubwa hupata walinzi bila shida. Lakini mahali ambapo fundi na watoto wake walipumzika siku chache tu katika mwaka, nani atapatunza, kama si wale waliopapenda? Tusingoje miaka mia ipite ndipo tuseme: hii nayo ni historia yetu.