Homa Irudiayo na Daftari la Ukoo

Katika lugha yetu neno homa lina kazi nyingi mno. Mtu akichemka mwili, ana homa. Akitetemeka, ana homa. Na mara nyingi kabla damu haijapimwa tumekwisha kuipa homa hiyo jina la malaria. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini mbele ya homa aghalabu hatuulizi. Nataka kumweleza msomaji habari za homa moja ambayo madaktari waliiandama kwa zaidi ya miaka 50, tangu ilipoandikwa vizuri kwa mara ya kwanza mpaka ilipopatikana njia ya kuitambua kwa kipimo cha vinasaba.

Homa hiyo huitwa homa ya kifamilia ya Mediterania. Huwapata zaidi Waarmenia, Waturuki, Waarabu na Wayahudi, hasa Wayahudi wenye asili ya Afrika ya Kaskazini na Iraki. Kwa kawaida huanza kabla mtu hajafikisha miaka 20. Mgonjwa hushikwa ghafula na homa kali, tumbo, kifua au kiungo kikamwuma kupita kiasi. Baada ya siku moja hadi tatu yote hutoweka, naye hurudia kazi zake kama mtu ambaye hakuugua, mpaka siku homa itakapomrudia.

Mwaka 1945, huko New York, daktari Sheppard Siegal aliandika habari za wagonjwa wa namna hii, akaupa ugonjwa jina lililoonyesha kwamba hauna hatari. Jina hilo halikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Paris, Henry Mamou na Roger Cattan walionyesha kuwa baadhi ya wagonjwa huishia kuharibika figo. Miaka ya homa hurundika mwilini protini iitwayo amiloidi, nayo huziba figo polepole hadi zishindwe kazi. Mwaka 1958 Harry Heller na wenzake nchini Israeli wakautangaza ugonjwa kwa jina tunalolitumia leo.

Nimeshika daftari la mahudhurio kwa miaka mingi, na kwa hiyo nawaza upande wa mtoto. Mtoto anayeumwa Jumatatu na kucheza mpira Alhamisi ni nani atakayemwamini? Mwalimu atasema ni mtoro, na jirani atasema amelogwa. Katika nchi hizo nilizozitaja, wagonjwa wengi walipasuliwa tumbo kwa kudhaniwa wana ugonjwa wa kidole tumbo, wakakutwa hawana. Wengine waliambiwa wanajisingizia. Kutoaminiwa ni ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Jambo la kushangaza ni kwamba dawa ilitangulia kipimo. Mwaka 1972 daktari Stephen Goldfinger wa Marekani aliandika barua fupi katika jarida la kitabibu kwamba kolchisini huzuia homa hii. Mwaka ule ule Emir Özkan wa Uturuki naye alieleza hivyo. Kolchisini ni dawa ya kale ya jongo, inayotokana na mmea wa maua. Mwaka 1986 watafiti wa Israeli waliowafuatilia wagonjwa 1,070 walionyesha kuwa wanaoitumia kila siku huokoka na balaa ya figo. Kwa hiyo kutambuliwa mapema au kuchelewa kukawa ndiyo tofauti baina ya mtu mwenye figo na mtu asiye nazo.

Hapo ndipo kipimo kilipohitajika. Mwaka 1997 makundi mawili ya watafiti, moja la kimataifa na jingine la Ufaransa, yalitangaza kila moja kivyake kuwa yameipata jeni yenyewe. Inaitwa MEFV, nayo imo katika kromosomu ya 16. Kundi moja liliita protini yake pairini, kwa neno la Kigiriki la moto. Jingine likaiita marenostrini, kwa jina la Kilatini la bahari ile. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Kwa kawaida mwenye nakala moja yenye hitilafu haugui; anayerithi hitilafu pande zote mbili ndiye anayeugua. Ndiyo maana wazazi wazima huweza kuzaa mtoto mgonjwa, wakabaki wakitazamana.

Mwaka 1999 zilipatikana jeni za homa nyingine mbili za kurithi: moja iliyokuwa imeelezwa mwaka 1982 katika ukoo wenye asili ya Ireland na Uskochi, na nyingine iliyoelezwa Uholanzi mwaka 1984. Kwa macho homa hizi hufanana na ile ya kwanza, lakini ile ya Ireland haisikii sana kolchisini. Kipimo cha damu kidogo huweza kuzitenganisha, na mgonjwa akapewa dawa inayomfaa.

Hata hivyo kipimo si hakimu wa mwisho. Wako wenye dalili zote ambao hukutwa na nakala moja tu yenye hitilafu, na wako ambao hawakutwi na yoyote. Wako pia wenye hitilafu ambao hawajaugua hata siku moja. Vigezo ambavyo wataalamu walivitoa mwaka 2019 huyaweka majibu ya vinasaba pamoja na dalili za mgonjwa, na daktari hutakiwa kuyasoma yote mawili.

Kwa nini hitilafu hii imeenea kiasi hicho? Sisi wa Afrika Mashariki tunalo jibu la jirani. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Mwaka 2020 watafiti walieleza kuwa hitilafu za pairini yaelekea zilisaidia mababu kustahimili bakteria wa tauni. Kilichomwokoa babu ndicho kinachomsumbua mjukuu. Hakuna ukoo wa kuonewa aibu hapo.

Sisemi kwamba homa za watoto wetu ni hizi. Nyingi zina vyanzo vingine, na malaria ingalipo. Nasema tu kwamba kipimo chochote hujibu swali ambalo mtu amekwisha kuliuliza. Homa ikirudi mara kwa mara na damu haionyeshi malaria, mzazi na aandike tarehe, idadi ya siku, mahali panapouma, na nani mwingine katika ukoo aliwahi kuumwa hivyo. Karatasi hiyo ampelekee daktari. Haigharimu kitu, na bila hiyo hata maabara iliyo bora haitajua itafute nini.