Mgusano wa asidi amino mbili: jinsi siri ya selimundu ilivyofichuliwa

Mtoto mwenye selimundu anapoamka usiku akilia kwa maumivu ya mifupa, chanzo chake ni kitu kidogo mno. Ndani ya seli zake nyekundu za damu, asidi amino moja ya molekuli ya himoglobini imeingia katika kishimo cha molekuli jirani na kukwama humo. Ya tatu inajiunga, ya nne, ya mia, hadi unapatikana uzi mrefu na mgumu unaoipinda seli nzima. Seli iliyopinda haipiti kwenye mishipa myembamba, damu inazuilika, na mwili unapiga kelele.

Wanasayansi wa protini huita ukaribu huo wa asidi amino mbili mgusano. Kuutafuta mgusano huu mmoja kulichukua miongo mingi, na sehemu muhimu ya kazi hiyo ilifanyika huku kwetu, kati ya pwani ya Kenya na Ziwa Victoria.

Kwa upande wa vitabu vya tiba, habari inaanzia Chicago. Mwaka 1904 Walter Clement Noel, kijana kutoka Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno, alilazwa hospitali akiwa na upungufu wa damu. Daktari kijana Ernest Irons alipoitazama damu yake kwa darubini aliona seli nyembamba zilizojikunja. Mkuu wake, James Herrick, alichapisha taarifa hiyo mwaka 1910. Familia za Kiafrika zilikuwa zimeshazika watoto wengi kwa ugonjwa huo kabla darubini hazijaufikia, na hilo lisisahaulike tunaposema uligunduliwa Chicago.

Mwaka 1949 mambo mawili yalitokea mbali mbali. Huko California, Linus Pauling na wenzake walionyesha kwa umeme kwamba himoglobini ya mgonjwa husafiri tofauti na ya mtu mzima wa afya. Maana yake, chaji yake ilikuwa imebadilika, na kosa lilikuwa ndani ya molekuli yenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa kuitwa ugonjwa wa molekuli.

Mwaka huo huo Anthony Allison, mwanafunzi wa Oxford aliyekulia Kenya, alikuja na msafara wa Mlima Kenya akawa anapima damu za watu wa makabila mbalimbali. Alichokiona kilimshangaza. Karibu na pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 ya watu walibeba kinasaba cha selimundu. Katika nyanda za juu na maeneo makavu ya katikati hawakufika hata asilimia 1. Ramani ile ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake: aliyerithi kinasaba hicho kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria, na ndiyo sababu kinasaba kinachoua watoto hakikutoweka. Kwa maoni yangu hii ni miongoni mwa kazi kubwa kabisa za biolojia zilizowahi kufanyika Afrika Mashariki, na inastahili kufundishwa katika kila shule ya sekondari ya ukanda huu.

Allison ndiye aliyepeleka sampuli za himoglobini ya selimundu Cambridge, kwa Max Perutz. Katika maabara yake alikuwamo Vernon Ingram. Wakati huo hakuna aliyejua mpangilio kamili wa asidi amino 574 zinazounda himoglobini, kwa hiyo Ingram alitafuta njia ya mkato. Aliichukua himoglobini akaikatakata kwa kimeng'enya cha tripsini, akapata vipande vidogo vidogo. Akaweka tone la mchanganyiko kwenye karatasi ya kuchujia, akapitisha umeme upande mmoja ili vipande vitengane, kisha akaacha kimiminika kikipanda kwenye karatasi upande wa pili. Baada ya kupuliziwa dawa ya rangi, karatasi ilionyesha madoa yapatayo 30. Akaweka karatasi ya himoglobini ya kawaida pembeni ya karatasi ya selimundu na kulinganisha doa kwa doa. Yote yalikaa mahali pamoja isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa mwaka 1956, na mwaka uliofuata alitangaza kilichomo ndani ya doa lile: asidi glutamiki, yenye chaji hasi na inayopenda maji, imeondoka, na nafasi yake imechukuliwa na valini, isiyo na chaji na inayoyakimbia maji. Ilijulikana baadaye kwamba hiyo ni nafasi ya 6 katika mnyororo wa beta.

Kila himoglobini ina minyororo miwili ya beta, basi ni asidi amino mbili tu kati ya 574 zilizobadilika. Lakini kujua nani kabadilika hakukueleza kwa nini molekuli zinashikamana. Ilibidi ijulikane valini ile inagusana na nani.

Namna ya kuligundua jambo kama hilo ni kuifanya protini iwe fuwele, kisha kuipiga kwa eksirei na kusoma jinsi mionzi inavyotawanyika. Perutz alianza kuhangaika na fuwele za himoglobini mwaka 1937. Alikwama miaka mingi, hadi mwaka 1953 alipoona kwamba akipachika atomi nzito za zebaki kwenye protini, hesabu zinafunguka. Mwaka 1959 alikuwa na umbo la jumla la himoglobini ya farasi; mwaka 1962 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Kendrew. Kufikia 1968 picha ilikuwa kali kiasi cha kuonyesha mahali pa asidi amino moja moja.

Hapo ndipo uchambuzi wa migusano ulipopata nyama. Mtafiti hupima umbali kutoka kila atomi ya asidi amino moja hadi kila atomi ya nyingine. Zikikaribiana ndani ya angstromu 4 au 5, jozi hiyo inaandikwa kuwa inagusana. Angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita. Jozi zote zikiwekwa kwenye jedwali la mraba inapatikana ramani ya migusano, ambayo mtaalamu huisoma kama wewe unavyosoma ramani ya mitaa ya mji wako. Kwa kupima hivyo, mwaka 1970 Perutz alieleza kwamba himoglobini isiyo na oksijeni hushikiliwa na migusano ya chaji chanya na hasi kati ya minyororo yake, na oksijeni inapoingia migusano hiyo hukatika na molekuli nzima hubadili mkao.

Jibu la selimundu lilitoka Baltimore. Mwaka 1975 Warner Love na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha muundo wa fuwele za himoglobini ya selimundu isiyo na oksijeni. Molekuli zilikuwa zimejipanga katika nyuzi pacha. Picha zilizofuata, hasa ya 1985 na ile kali zaidi ya 1997, zilionyesha mgusano wenyewe: valini ya 6 ya molekuli moja imekaa katika kishimo cha mnyororo wa beta wa molekuli jirani, kati ya fenilalanini ya 85 na leusini ya 88. Zote tatu huyakimbia maji, kwa hiyo zikikutana hazina haja ya kuachana. Kati ya valini mbili za nafasi ya 6 katika kila molekuli, ni moja tu inayoshiriki mgusano huo. Oksijeni ikiwepo, mkao hubadilika na molekuli hazikai tena kwa namna ya kujenga uzi. Ndiyo maana seli hupinda pale damu inapoishiwa oksijeni.

Sasa tazama nafasi ya 87, ukingoni mwa kishimo hicho. Tangu 1948 daktari Janet Watson wa Brooklyn alikuwa ameona kwamba seli za vichanga wenye ugonjwa huu hazipindi kirahisi, akadhani wanalindwa na himoglobini ya tumboni, yaani ile ya mtoto kabla hajazaliwa. Mwaka 1979 Ronald Nagel na wenzake wa New York walionyesha sababu mojawapo: himoglobini hiyo ina glutamini katika nafasi ya 87, mahali ambapo ya mtu mzima ina threonini. Badiliko hilo huuharibu mgusano, na uzi haujengeki vizuri.

Dawa ya haidroksiurea inafanya kazi kwa sehemu kubwa kwa kuamsha tena himoglobini ya tumboni. Tiba ya kinasaba ya Lyfgenia, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023, inampa mgonjwa kinasaba cha beta chenye glutamini hiyo katika nafasi ya 87. Ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 3.1 kwa mgonjwa mmoja.

Bei hiyo ni dhuluma kwa watu ambao damu yao ilitoa ushahidi. Inakadiriwa kwamba Tanzania pekee huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na kule Muhimbili Profesa Julie Makani na wenzake wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa tangu 2004. Haidroksiurea iko ndani ya uwezo wetu zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, uliwapa dawa hiyo watoto 606. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua na vifo vilipungua.

Serikali zetu zihakikishe kila kichanga kinapimwa na dawa hii inapatikana hadi hospitali za wilaya. Na wewe mzazi mwenye mtoto wa selimundu, safari ijayo ya kliniki muulize daktari kuhusu haidroksiurea.