Nani Ajua Uendako? Kutoka Kipande hata Motokaa ya Leo

(Somo la historia lililosomwa katika kipindi cha Elimu ya Watu Wazima, kwa vikundi vya wasikilizaji vya Kasansa na vijiji jirani, mkoa wa Katavi)

Natumaini kila kikundi kimekwisha kuketi, na karani ana daftari lake na kalamu. Somo letu la leo limetokana na swali, wala si swali langu. Aliyeliuliza ni mzee mmoja wa darasa letu hapa Kasansa, mwenye Land Rover ya zamani, ile ambayo dirisha lake husukumwa kwa mkono. Kwa gari hilo amepeleka mpunga Mpanda mwaka baada ya mwaka. Watoto wake wanamhimiza aliuze anunue jipya, naye hataki. Aliniambia hivi: "Mwalimu, magari ya siku hizi yanasema. Hili langu ni bubu. Je, si kweli kwamba nikiwa ndani ya bubu wangu hakuna ajuaye niendako?"

Vijana walicheka. Mimi sikucheka, maana nilijua habari ya mjukuu wake. Kijana huyo huendesha pikipiki ya mkopo. Alichelewa siku tatu kulipa, na asubuhi moja pikipiki ikakataa kuwaka. Fundi akafungua plagi, akasafisha kabureta, asione kasoro. Kumbe ndani yake mlikuwa na kijisanduku, na mtu aliyeketi ofisini katika mji wa mbali alikuwa amekizima chombo kwa kubonyeza tu. Asubuhi ile kijana alikuwa ameahidi kumpeleka mama mjamzito zahanati. Mama alipelekwa kwa baiskeli, na namshukuru Mungu alifika salama. Mkataba wa mkopo kijana aliutia sahihi mwenyewe, ila hakuusoma.

Basi, ili tulijibu swali la mzee, hatuna budi kurudi nyuma miaka zaidi ya mia moja, wakati motokaa zilikuwa chache na watu walikwenda kwa miguu. Hata hao waendao kwa miguu, palikuwa na wakubwa waliotaka kujua waendako.

Katika Kenya ya Waingereza sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915. Kwa sababu ya Vita Kuu haikuanza kutumika mpaka vita vilipokwisha, yapata 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alipaswa kuwa na cheti, ndicho kipande. Ndani yake mliandikwa jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la bwana aliyemwajiri, mshahara wake, na siku aliyoanza na kuacha kazi. Cheti kilitiwa katika kikopo cha chuma, na wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Sina haja ya kueleza zaidi jinsi walivyojiona.

Sikilizeni jinsi kilivyofanya kazi, maana hapa ndipo penye kiini cha somo. Mfanyakazi hakuweza kuondoka shambani mpaka bwana wake atie sahihi kwamba amemruhusu. Akitoroka, bwana huarifu polisi, na polisi hutazama daftari kuu, ambamo vidole vyake vimehifadhiwa. Aende Mombasa au Kisumu, ajiite jina lingine, vidole vitamtaja. Kwa hiyo kikopo kile kilikuwa nusu tu ya chombo. Nusu ya pili ilikuwa Nairobi, katika makabati ya serikali, na mwenye kipande hakuruhusiwa kuyafungua wala kuuliza kilichoandikwa humo juu yake.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku alisimama akapinga kipande, kodi, na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa mwezi Machi 1922, na tarehe 16 ya mwezi huo umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi kudai afunguliwe. Polisi walipiga risasi. Watu zaidi ya 20 waliuawa, na miongoni mwao alikuwamo Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewatia wanaume moyo pale walipositasita. Thuku alipelekwa kifungoni Kismayu. Kipande kiliendelea kuvaliwa miaka 25 zaidi.

Mwaka 1947 serikali ya Kenya iliamua kwamba watu wa rangi zote waandikishwe kwa sheria moja. Hapo walowezi wa Kizungu wakapiga kelele. Jambo walilolitetea miaka mingi kuwa ni zuri na la lazima, sasa lilikuwa fedheha, kwa kuwa lilidai na vidole vyao. Ikaundwa tume ya Sir Bertrand Glancy, nayo mwaka 1950 ikapendekeza kwamba ajuaye kusoma na kuandika aweze kutoa picha na sahihi badala ya alama za vidole. Naomba wenyeviti wa vikundi wakumbuke habari hii ya walowezi wakati wa mazungumzo.

Huku kwetu Tanganyika neno kipande lilikuwa na maana nyingine. Tangu wakati wa Wajerumani kilikuwa kadi ya kazi ya siku 30 katika mashamba makubwa. Kila siku ya kazi ilitiwa alama, na mshahara ulilipwa siku 30 zilipotimia. Wazee waliokwenda kukata mkonge Tanga walikijua vizuri. Kadi hiyo ilihesabu kazi ya mtu, haikufuata nyayo zake kama kile cha Kenya.

Motokaa nayo ina kipande chake, nacho ni namba yake. Namba za leo za Tanzania bara, zenye herufi T, tarakimu tatu na herufi tatu, zimo katika daftari la serikali pamoja na jina la mwenye gari. Askari aliyesimama njiani anaweza kuiandika namba katika kitabu chake. Lakini lazima askari awepo, aione, aiandike, na kitabu kile kisomwe na mtu. Motokaa mia zinaweza kupita usiku na asiandike hata moja. Udhaifu huo wa macho ya binadamu ulitupa nafasi kubwa kuliko tulivyojua.

Na tusisahau kwamba tulikuwa na macho yetu wenyewe. TANU ilipoweka mabalozi wa nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, mgeni aliyelala kwako ilikupasa umtaje kwa balozi. Wengine waliona ni udaku. Mimi naona palikuwa na tofauti moja kubwa: balozi ulimjua. Ulijua nyumba yake na tabia yake, na akikusingizia uliweza kumwendea, ukamwambia mbele ya watu.

Sasa twende kwenye bubu wa mzee. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, na gari la mwisho la ukoo ule wa kale lilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Katika zile za zamani kila kitu huendeshwa kwa waya, mpira, mafuta na chuma. Mita ya mwendo huhesabu umbali kwa vigurudumu vidogo. Itakuambia gari limekwenda maili elfu ngapi, lakini haijui kama ulikuwa Sumbawanga au Tabora, wala haiwezi kumwambia mtu asiyekuwamo garini. Kwa hiyo mzee asemapo gari lake ni bubu, asema kweli.

Mabadiliko yalikuja polepole. Wamarekani walirusha setilaiti za kuonyesha mahali, ziitwazo GPS, na mwaka 1995 walitangaza kwamba mpango umekamilika. Mwezi Mei 2000 waliacha kuiharibu kwa makusudi ishara waliyowaachia raia, ndipo vifaa vya kawaida vikaweza kuonyesha mahali kwa usahihi zaidi. Hapa watu wengi hukosea. Setilaiti hizo hazikuoni. Hutoa ishara tu, na kifaa kilichomo garini hupiga hesabu kijue kipo wapi. Mtu wa mbali hajui lolote mpaka gari lenyewe limwambie, na kwa hilo lahitaji simu. Kampuni ya General Motors ilianza mwaka 1996 kutia simu katika motokaa zake kwa huduma iitwayo OnStar, ili dereva aliyepata ajali aweze kusaidiwa. Tangu 31 Machi 2018 Umoja wa Ulaya umedai kila aina mpya ya motokaa ndogo iwe na chombo kiitacho msaada chenyewe likigongwa. Hizi ni sababu njema, na ziko roho zilizookoka. Hata mabasi yetu ya masafa marefu yamefungwa vifaa vya kufuatilia mwendo, na mimi mwenye kusafiri kwa basi sitaki viondolewe.

Lakini simu iliyotiwa kwa ajili ya ajali inaweza kusema mengine. Katika Marekani ilidhihirika mwaka 2024 kwamba General Motors ilikuwa ikiuza habari za jinsi wateja wake wanavyoendesha, na habari hizo zikafika kwa makampuni ya bima, ambayo yaliwapandishia watu malipo. Mwezi Januari 2025 mamlaka ya biashara ya nchi hiyo ilichukua hatua kuikataza kwa miaka mitano isiyape habari hizo mashirika ya kupima wateja. Na Toyota, gari tulijualo sote, ilikiri mwezi Mei 2023 kwamba habari za wateja wake wapatao 2,150,000 wa Japani zilikuwa wazi kwa kosa la mitambo, zikiwamo za mahali magari yalipokuwa. Kosa hilo lilidumu tangu Novemba 2013 hata Aprili 2023. Karibu miaka kumi, wasikilizaji, na hakuna aliyetambua! Huduma ile ilikuwa ya wateja wa Japani, kwa hiyo mwenye gari la mtumba kutoka huko asikimbie kulifungua kwa bisibisi.

Ndiyo maana wako watu Ulaya na Marekani, wenye fedha za kununua gari jipya, wanaotafuta la zamani kwa makusudi. Wanafikiri sawasawa na mzee wetu.

Je, wamepona? Tutazame Uganda. Mwezi Juni 2018 mbunge Ibrahim Abiriga aliuawa kwa risasi, na baada ya mauaji hayo na mengine Rais Museveni aliliambia Bunge kwamba kila chombo kitatiwa namba ya elektroniki. Tarehe 1 Juni 2021 watu wenye pikipiki walimpiga risasi Waziri wa Ujenzi, Jenerali Katumba Wamala. Yeye alipona, lakini binti yake na dereva wake walikufa. Mwezi uliofuata serikali ilifanya mkataba na kampuni ya Kirusi, na mwezi Novemba 2023 namba mpya zilianza kufungwa, kwanza katika magari ya serikali. Sababu ilikuwa nzito: nani asiyetaka wauaji wakamatwe? Lakini mwezi Juni 2025 mitambo ya mpango huo huo ilianza kutoza madereva faini za mwendo, na malalamiko yakawa mengi hata serikali ikausimamisha utozaji huo kwa muda mwezi ule ule. Chombo kilicholetwa kwa ajili ya wauaji kilikuwa kimewafikia waliochelewa kazini.

Tazameni pia ya kwamba namba haiulizi umri wa gari. Amri ikishakuwa kila chombo, Land Rover ya zamani itafungwa namba ile ile, na bubu atapewa ulimi.

Tena yako mambo ya mfukoni. Kuanzia tarehe 1 Mei 2019 laini za simu Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na mwisho wa kusajili ulikuwa tarehe 20 Januari 2020. Simu iliyowashwa, hata kitochi kisicho na intaneti, husema na mnara ulio karibu, ili ukipigiwa ijulikane ulipo. Mzee atokapo Kasansa na mpunga wake, akapita Hifadhi ya Katavi mpaka Sitalike, gari halisemi kitu, lakini simu yake yaamkia minara njia nzima, na laini ina vidole vyake. Nilipomweleza hivyo alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na makabati yapo wapi?"

Swali zuri hilo, na ndilo ambalo watu wa 1922 hawakuruhusiwa kuuliza. Leo tuna pa kuanzia. Ibara ya 16 ya Katiba yetu yatambua haki ya mtu ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na imeunda Tume ya kupokea malalamiko. Kwa sheria hiyo mkusanyaji hana budi kukuambia anakusanya nini na kwa kazi gani, nawe waweza kudai kuona alichonacho juu yako. Sheria ina milango yake ya usalama wa taifa na upelelezi, na milango hiyo ni mipana kuliko nipendavyo. Lakini mwenye kumkopesha mjukuu pikipiki hapiti katika milango hiyo. Alipaswa kueleza habari ya kijisanduku kwa lugha ambayo kijana anaielewa.

Juma lililofuata mzee alisafiri kwenda Mpanda, na simu aliizima tangu nyumbani. Aliporudi jioni alinikuta barabarani, akasimamisha gari. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Mwalimu, nimekwenda na kurudi bila kujulikana. Lakini nafika nyumbani naambiwa mke wangu alikwenda kwa balozi kuuliza niko wapi, na balozi akamjibu, mumeo kaonekana Sitalike saa nne, ananunua ndizi."

Kwa somo lijalo, kila mwenye mkataba wa mkopo wa pikipiki, simu au mashine ya kusagia aje nao. Tutausoma kwa sauti, kifungu kwa kifungu, na karani ataandika kila mahali palipotajwa kifaa au taarifa. Mjukuu wa mzee ameahidi kuleta wa kwake. Kwaherini.