Sindano Iliyochelewa Kufika Wodini

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37, aliposhindwa kupumua, hata hospitali tajiri hazikuwa na la kufanya. Patrick, mwana wa Rais Kennedy wa Marekani, alifariki hivyo Agosti 1963 kabla ya kutimiza siku mbili. Chanzo kilijulikana tangu 1959, Mary Ellen Avery na Jere Mead walipoonyesha kwamba mapafu ya watoto hao hupungukiwa na sufaktanti, majimaji yenye mafuta yanayozuia vifuko vya hewa visinatane kila pumzi inapotoka.

Tiba ilipatikana katika utafiti wa jambo jingine. Graham Liggins, daktari wa uzazi wa Auckland, New Zealand, alikuwa akichunguza kinachoanzisha uchungu wa kuzaa, na kwa ajili hiyo akawapa wanakondoo waliokuwa bado tumboni dawa za jamii ya steroidi. Mwanakondoo aliyezaliwa mapema mno, ambaye hakutarajiwa kuishi hata kidogo, alikutwa angali akipumua, na alipopasuliwa mapafu yake yalionekana yameingiwa na hewa. Mwishoni mwa 1969 Liggins na daktari wa watoto Ross Howie walianza kuijaribu tiba hiyo kwa akina mama waliokaribia kujifungua kabla ya wakati, wakiwagawa kwa bahati nasibu ili baadhi wapate sindano ya betamethasoni, dawa ya jamii hiyo, na wengine wasipate. Matokeo ya mama 282, yaliyochapishwa 1972, yalionyesha vifo vya siku za mwanzo vikishuka kutoka asilimia 15 hadi 3.2.

Hata hivyo madaktari wengi walisita, kwa kuwa waliogopa madhara ya baadaye, na majaribio yaliyofuata, kila moja likitazamwa peke yake, yalikuwa madogo mno kumaliza ubishi. Patricia Crowley na wenzake walipoyajumlisha majaribio 12 mwaka 1990, faida ilidhihirika bila shaka. Lakini wataalamu wa Marekani walipokutana 1994, hata mama mmoja kati ya watano waliostahili hakuwa akiipata sindano hiyo. Ni vigumu kuisoma miaka hiyo bila majonzi, maana watoto walipotea ilhali dawa ilikuwapo, tena ya bei nafuu.

Kuchapisha mwongozo wa mkutano huo wa 1994 kulisaidia, ingawa hakukutosha. Katika utafiti wa hospitali 27 za Marekani uliotolewa 1999, zilizoachiwa mwongozo tu zilifikia asilimia 58 ya waliostahili, na zile ambamo daktari anayeheshimiwa na wenzake alihamasisha, vikumbusho vikawekwa katika majalada ya wagonjwa na kumbukumbu zikakaguliwa, zilifikia 68.

Pupa nayo ilikuwa na gharama. Jaribio la nchi sita, zikiwamo Kenya na Zambia, lililochapishwa 2015, liliisambaza sindano hadi ngazi za chini, mahali ambapo umri wa mimba mara nyingi ulikisiwa. Wengi waliochomwa hawakuzaa njiti, maambukizi kwa mama yaliongezeka, na vifo vya watoto kwa ujumla vilipanda. Shirika la Afya Duniani liliichunguza upya faida ya tiba hiyo katika hospitali za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, zenye kipimo cha mawimbi ya sauti na huduma ya watoto wachanga, na mwaka 2020 likaripoti kwamba deksamethasoni, steroidi nyingine, ilipunguza vifo vya watoto wachanga kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Mwongozo wa shirika hilo unataka kwanza umri wa mimba ujulikane kwa uhakika, mama asiwe na dalili za maambukizi, na mtoto awe na mahali pa kuhudumiwa akizaliwa; ndipo sindano itolewe.